Kibarua Asiye na Jina

Wete, ghorofani, juu ya duka la mabati la Shaame.
Umeme umerudi saa tatu kasorobo
na feni inazunguka kama mtu aliyekumbuka kitu
kisha akakisahau.

Orodha iko mbele yangu, mistari mia tatu na kumi na mbili:
mchumaji, pishi zake, siku aliyoleta.

Mwaka jana niliandika kitanzi.
Nikakiwekea mhesabuji, herufi moja tu, i,
nikamwambia: anza sifuri, panda moja moja,
ukifika mwisho simama.
Akasimama kabla.
Hatua moja.
Na kwenye hatua hiyo alikuwepo Bikombo Faki wa Kiuyu Minungwini,
pishi kumi na moja,
wa mwisho kwa sababu mtoto aliamka na homa.

Alikuja dirishani Jumatatu.
Hakugomba. Aliweka kiganja mezani,
vidole vimeingia weusi wa karafuu mbichi,
akauliza: "Mashine yako inajua kuhesabu?"
Nikasema inajua.
"Basi mie si hesabu."

Usiku ule nilimfukuza mhesabuji.

Sasa naandika hivi:
orodha, nukta, kwa kila mmoja,
halafu mabano, na kishale,
na ndani yake kazi yenyewe, haijazi hata mstari:
pishi zake mara bei.
Basi.
Haina jina. Lamda, walisema walionifundisha,
lakini hilo ni kama kusema kibarua,
hujamwita mtu bado.
Inamshika mmoja, inamwachia, inamshika wa pili.
Haijui wako wangapi,
haina sifuri ya kuanzia wala ukuta wa kujigonga.
Orodha ikiisha, nayo imeondoka,
haikuacha hata kandambili mlangoni.

Nilimweleza mama. Alikuwa barazani, anachambua.
Karafuu huku, makonyo kule,
mpeta anautupa nyuma bila kugeuka.
"Kwani hivi ninavyofanya ni nini?" akasema.
"Mkono hauhesabu, mwanangu. Mkono unauliza tu:
weye ni wa kukaa, au wa kupita?"
Nikamwambia hiyo nayo tunayo, tunaiita kuchuja:
unaipa lamda swali moja, inawauliza wote,
wanaojibu ndiyo wanabaki.
Akaguna. Jamvi lilikuwa linajaa.

"Na huyo asiye na jina," akauliza, "nani anamlipa?"

Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Zamani, Mtambwe, alisema, karani alikuwa na daftari
la jalada jekundu, kona zimeliwa na mende.
Wenye mikarafuu waliandikwa wao na baba zao na babu zao.
Sisi tuliandikwa vistari.
Vinne vimesimama, cha tano kinawakata.
"Nilikuwa kistari, Hidaya.
Siku nyingine nilikuwa kile cha kukata."

Nikarudi juu.
Nikabonyeza.
Mia tatu na kumi na mbili, kabla sijavuta pumzi.
Mwaka huu Bikombo ni wa arubaini na sita, aliwahi.
Wa mwisho ni mtu nisiyemjua, Hamad Othman wa Pandani,
pishi nne,
na malipo yake yako pale pale, mbele ya jina lake.
Nilimtazama kwa muda, kama ningemtambua.

Halafu nikataka kukipa jina kile kitendakazi.
Niliandika *mize*, jina la mama,
kwa herufi ndogo, kama sheria inavyotaka.
Nikalitazama linavyopepesa.
Nikalifuta.

Kwa sababu chenye jina huitwa tena kesho,
na kesho kutwa, na msimu ujao,
kutoka kona yoyote ya programu,
na hakuna anayekiuliza kama kimechoka.